Kufunga tabo kwenye 1NZ bila kuiua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye Vitz, IST, Runx, Probox au Raum yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,497, anayetaka tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na bado anataka gari liwake asubuhi limpeleke kazini. Anayejenga gari la mashindano tu atakuta baadhi ya majibu yamemfunga mikono. Presha zote za tabo zilizotajwa hapa ni zile zinazosomeka kwenye geji, yaani zilizozidi presha ya hewa ya nje.

1NZ ambayo haijafunguliwa inaweza kubeba tabo?

Inaweza, kwa adabu. TRD, tawi la michezo la Toyota, liliuza Vitz yenye 1NZ ya tabo ikiwa na nguvu farasi 150, wakati ile ya kawaida ina 109. Waliokuwa na michoro yote ya injini mezani waliishia 150, na mimi nawafuata: ndani ikiwa bado ni ya kiwandani, siruki hapo. Kwa injini nzima, iliyopimwa kompresheni na silinda zote nne zikalingana, bar 0.3 hadi 0.4 zinatosha kukufanya ucheke peke yako kwenye usukani. Ukitaka zaidi, fungua injini kwanza kabla ya kununua tabo. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana tabo zinauzwa mitandaoni "hazijatumika sana".

Ni nini hasa kinachoinokisha injini ya tabo? Si ile presha?

Presha peke yake haina ubaya mkubwa. Anayeua ni detonesheni. Plagi inapowasha mchanganyiko, moto unatakiwa utembee kwa utaratibu kutoka plagi hadi kuta za silinda. Joto likizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia, na presha inapanda ghafla kama nyundo juu ya pistoni. Dereva anasikia mlio mwembamba kama kokoto kwenye kopo, na akiwa amefungulia muziki hasikii kabisa. Matokeo yake ni kingo za pistoni kati ya ringi kukatika, gasketi kupasuka, beringi za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) kupondeka.

Kwa hiyo karibu kila ushauri ulio hapa chini, uwe wa pistoni, mafuta, intakula (kipoza hewa itokayo kwenye tabo) au plagi, unarudi kwenye jambo moja: joto ndani ya silinda.

Muuaji wa pili ni torki (nguvu ya kuzungusha) kwenye mizunguko ya chini. Tabo ndogo inayoamka kwenye 2,500, gia ya juu, mguu umezama, gari linapanda mlima Kitonga: hapo konrodi inabeba mzigo mkubwa kuliko ukiwa 6,000 barabara tambarare. Shuka gia.

Kompresheni ya 10.5 ni kubwa mno? Niishushe hadi ngapi?

Kwa presha ndogo na mafuta mazuri 10.5, yaani mchanganyiko kubanwa hadi sehemu moja ya 10.5 ya nafasi yake, inavumilika, lakini inakuachia nafasi finyu sana ya kukosea. Ukishafungua injini, lenga 9.0 hivi. Ukishusha hadi 8 unapata usalama wa ziada, ila gari linakuwa zito kabla tabo haijaamka, na kwenye foleni hutalipenda.

Si niweke tu gasketi nene ya silinda hedi? Ni rahisi kuliko pistoni.

Hili linaulizwa kuliko yote, basi tupige hesabu. Silinda moja ni cc 374. Kwa kompresheni ya 10.5, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni 374 ÷ 9.5, yaani cc 39.4. Kwa 9.0 unahitaji 374 ÷ 8, yaani cc 46.8. Pengo ni cc 7.4. Silinda ya milimita 75 ina eneo la sentimita 44.2 za mraba, kwa hiyo ili upate cc hizo kwa gasketi peke yake, itabidi iongezeke unene karibu milimita 1.7.

Hiyo ni nyingi mno. Injini hii imetengenezwa ili ukingo wa pistoni ukaribie sana hedi, uusukume mchanganyiko wa pembeni kwenda katikati kwa kasi. Msukumo huo ndio unaoharakisha moto na kupoza pembeni. Ukiinua hedi milimita 1.7 umeuua, na mchanganyiko wa pembeni unabaki umezubaa ukisubiri kulipuka. Unakuwa na kompresheni ndogo kwenye karatasi na detonesheni palepale. Cc hizo zitafute kwenye bakuli la pistoni. Gasketi iwe ya chuma ya tabaka nyingi, unene wa kawaida, juu ya nyuso zilizosawazishwa vizuri.

Pistoni za aina gani?

Za kufuliwa, si za kumiminwa. Aloi zinazokutana sana sokoni ni mbili. Ya 4032 ina silikoni karibu asilimia 12, haitanuki sana, hivyo inafungwa kwa nafasi ndogo na haipigi kelele injini ikiwa baridi. Ya 2618 karibu haina silikoni. Inavumilia kipigo cha detonesheni vizuri zaidi, lakini inatanuka, inahitaji nafasi kubwa ukutani, na asubuhi utasikia inagonga kidogo hadi ipate joto. Kwa gari la kila siku lisilozidi bar 0.6 ningechukua 4032. Kwa mtu ninayejua hatatulia na 0.6, namfungia 2618 na kumwonya kuhusu kelele.

Nafasi ya pistoni na ukuta ifuate karatasi iliyokuja ndani ya boksi la pistoni. Mpe mchongaji pistoni zenyewe mkononi, achonge kila silinda kwa pistoni yake, kisha namba ziandikwe. Karakana inayochoronga silinda kabla ya kuziona pistoni, ondoka na bloku lako.

Fundi anasema ringi zinakuja tayari, hazihitaji kupimwa. Ni kweli?

Kwa injini ya kawaida mara nyingi anapona. Kwa tabo, hapana. Ringi ikipata joto inarefuka. Ncha zake zikigusana haina pa kwenda, inakaba ukuta na kung'oa kipande cha pistoni. Kisha watu wanasema pistoni zilikuwa feki.

Kanuni inayotumika sana kwa tabo ya barabarani ni 0.005 ya kipenyo cha silinda. Kwa milimita 75 hiyo ni 0.375, tuseme 0.38. Ringi ya pili iwe na mwanya mkubwa kidogo kuliko ya kwanza, ili presha iliyoponyoka isinaswe katikati ya ringi mbili na kuiinua ya juu. Ingiza ringi kwenye silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni kilichogeuzwa chini hadi sentimita 2.5 hivi ili ikae sawa, kisha pitisha fila geji (vibamba vya kupimia mwanya). Ikiwa imebana, sugua ncha moja tu kwa tupa, ikielekea ndani ya duara, kisha ondoa ukali kwa jiwe laini. Pima tena. Ni kazi ya nusu siku kwa silinda nne, na fundi anayeifanya kwa dakika ishirini hajaifanya.

Konrodi za kiwandani zinafaa?

Hadi farasi 150, ndiyo. Ni nyembamba, zilitengenezwa kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta, na zikizidiwa zinapinda kabla ya kukatika. Iliyopinda kidogo unaijua kwa silinda moja kuonyesha kompresheni pungufu bila sababu nyingine. Ukibadilisha pistoni, badilisha na konrodi: kufungua injini mara mbili ni ghali kuliko konrodi zenyewe. Chukua za chuma cha 4340 zenye boliti za kampuni ya ARP, na boliti zikazwe kama mtengenezaji alivyoandika, kwa mafuta yaleyale aliyotaja. Ukikaza kwa oili ya kawaida wakati kipimo ni cha grisi yao, mvutano wa boliti unakuwa mwingine kabisa hata kama spana ya torki imelia.

Beringi za konrodi: nafasi ya oili iwe takriban 1/1000 ya kipenyo cha shingo ya krenki. Shingo ya 1NZ ni milimita 40, basi 0.04. Pima kwa plastigeji (uzi laini unaobanwa kupimia nafasi), kila moja, na uandike. Krenki yenyewe haina tatizo ikiwa haijawahi kunoki.

Bloku langu lina kilomita nyingi. Nichoronge?

Bloku la 1NZ ni la alumini lenye mirija myembamba ya chuma ndani ya silinda. Halina nyama. Injini nyingine ya Japani iliyotumika, isiyokula oili, mara nyingi ni nafuu na salama kuliko kuchoronga iliyochakaa. Kama ni lazima, isizidi 0.50. Anayekupa pistoni za milimita 1 zaidi kwa sababu ndizo zilizopo dukani anakuuzia shida.

Oili je? Naweza kuendelea na ileile?

Hapana, na hapa usibane hela. Shafti ya tabo ndogo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeegemea utando wa oili tu. Tumia sintetiki kamili, 5W-40 kwa hali ya joto la pwani, na umwage kila kilomita 5,000 hata kama kopo limeandikwa 10,000. Oili feki zipo nyingi, hilo kila mtu anajua. Nunua kwa mtu ambaye unaweza kumrudia.

Kinachosahaulika ni njia ya kurudi. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha ya pampu lakini inatoka kwa uzito wake tu, tena ikiwa imejaa mapovu. Mpira wa kurudisha uwe mnene, tundu la milimita 16 au zaidi, ushuke moja kwa moja bila tumbo, uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukiingia chini ya usawa huo, oili inarudi nyuma na kupenya kwenye sili za tabo, gari linatoa moshi wa bluu. Mwenye gari anabadilisha tabo tatu kabla mtu hajaangalia mpira.

Ukitoka kwenye mwendo mkali, acha injini iungurume dakika moja mbili kabla ya kuzima.

Themostati nitoe ili injini ipoe zaidi?

Usitoe. Najua gereji nyingi ndiyo dawa yao ya kwanza. Bila themostati, injini inachelewa kupata joto, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inadhani bado ni asubuhi na inaongeza mafuta, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Weka themostati nzima, rejeta yenye nyama zaidi, na kulanti badala ya maji ya bomba.

Naishi Nairobi, hali ya hewa ni baridi. Nahitaji intakula kweli?

Swali zuri, na jibu linashangaza wengi. Dar es Salaam presha ya hewa ni karibu bar 1. Ukiweka bar 0.5, tabo inaibana hewa mara 1.5. Nairobi, kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ina bar 0.82 tu, na kupata 0.5 ileile kwenye geji tabo inabidi ibane mara 1.6. Kadiri inavyobana ndivyo inavyochemsha. Kwa kompresa (upande wa tabo unaobana hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Dar ya nyuzi 32 inatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 86 hivi. Hewa ya Nairobi ya nyuzi 24 inatoka na… 86 hivi. Ubaridi wote wa mlimani umeliwa na kazi ya ziada.

Kwa hiyo ndiyo, intakula ni lazima kote kuwili. Ikae mbele, ipate upepo, mabomba yawe mafupi.

Kuna la pili kwa wanaoshuka pwani. Gari lililotyuniwa Nairobi kwa bar 0.5 linameza hewa ya bar 1.32 kamili, likifika Mombasa na westigeti (valvu inayodhibiti presha ya tabo) ileile linameza 1.5. Hewa imeongezeka karibu asilimia 14 bila kugusa kitu. Kontroli boksi isiyosoma presha kamili ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) itatoa mafuta pungufu, na safari ya Krismasi inaishia kwenye winchi.

Mafuta: nibadilishe nozeli na pampu?

Kwa nguvu farasi 150, kadiria gramu 270 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Inakuja kilo 40 na ushei, lita 55 hivi kwa saa, sawa na cc 230 kwa dakika kwa kila nozeli (kipulizia petroli). Nozeli haitakiwi kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, basi tafuta za cc 290 au zaidi. Pampu ya lita 255 kwa saa ni nyingi kwa kazi hii, ila ndiyo rahisi kuipata, na haidhuru.

Angalia jambo moja la 1NZ: haina mpira wa kurudisha petroli tangini, na presha yake imefungwa kwenye bar 3.2 hivi bila kujali kinachoendelea kwenye manifoldi. Tabo ikileta 0.5, nozeli inabaki na 2.7 za kusukumia. Mafuta yanapungua asilimia 8 wakati uleule injini inapoyahitaji zaidi. Ama uweke regyuleta inayofuata presha ya manifoldi pamoja na mpira wa kurudisha, ama tyuna aingize upungufu huo kwenye hesabu zake. Muulize. Akikutazama tu, tafuta mwingine.

Kuhusu sheli: gari lityuniwe kwa petroli dhaifu kuliko zote utakazojaza kweli. Anayekwenda kijijini mara mbili kwa mwaka anajaza petroli ya kijijini mara mbili kwa mwaka.

Kontroli boksi ya kiwandani inatosha?

Kwa bar 0.3 unaweza kuisaidia kwa kifaa cha kupachika juu yake. Zaidi ya hapo, funga inayoprogramiwa. Kwenye presha, mchanganyiko uwe kati ya 11.5 na 12 za hewa kwa 1 ya petroli, na taimingi (wakati wa plagi kuwasha) irudishwe nyuma hadi detonesheni iishe, kisha irudishwe nyuma kidogo zaidi kwa ajili ya siku ya joto kali. Geji ya mchanganyiko ya waidibendi ibaki kwenye dashibodi daima. Mtu akikwambia anatyuni kwa sikio, ana sikio lakini hana injini yako ya kukulipa.

Plagi?

Baridi zaidi kwa hatua moja au mbili. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Mwanya upunguze hadi milimita 0.7, la sivyo presha itazima cheche.

Tabo gani inafaa?

Ndogo. TD04 zilizotoka kwenye Subaru Forester zinapatikana, zinajulikana na mafundi, na zinaiweza injini hii. Ya mitumba ikamate shafti kwa vidole: mchezo kidogo wa kushoto na kulia ni kawaida, wa kwenda mbele na nyuma haukubaliki hata chembe, na mabawa yasiwe yamekwaruza nyumba yake. Tabo kubwa itakupa namba nzuri kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu) na usingizi barabarani.

Gari langu ni CVT.

Basi acha. Mkanda wa ile gia boksi haukutengenezwa kwa torki hii, ukianza kuteleza unajichonga wenyewe. Otomatiki ya gia 4 inavumilia presha ndogo ukiipa kifaa cha kupoza oili yake. Manyuali ndiyo njia, pamoja na klachi nzito zaidi.

Si bora ninunue gari lililotoka na tabo kiwandani?

Mara nyingi, ndiyo. Starlet GT na Glanza V zilitoka na injini ya 4E-FTE, cc 1,331, farasi 135, kompresheni ikiwa imeshushwa tayari na kila kitu kimepangwa na Toyota; shida ni kupata ambayo haijateswa. Forester ya tabo nayo ipo. Jumlisha pistoni, konrodi, kontroli boksi, nozeli, intakula, mchongaji na tyuna, na ulinganishe kabla hujaanza. Anayejenga 1NZ aijenge kwa sababu anaipenda Vitz yake.

Bima itasemaje?

Iambie kwa maandishi kabla ya ajali. Na kama umebadilisha bloku, namba ya injini kwenye kadi ya gari ibadilishwe: Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA.

Injini mpya niiendesheje mwanzoni?

Oili ya madini, si sintetiki, kwa kilomita 500 za kwanza. Westigeti kwenye presha ya chini kabisa. Usiiache ikiunguruma tu uwanjani: ringi zinakaa kwa mzigo, kwa hiyo ipandishe na kuishusha kwa mguu wa wastani barabarani. Mwaga oili baada ya kilomita 50 za mwanzo, kata filta uitandaze juu ya gazeti kwenye jua. Vumbi la kijivu ni la kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa rangi ya shaba, zima gari, beringi zinaliwa.